Miamba inavyokula nguvu ya tetemeko

*Ukubwa wa tetemeko hutangazwa redioni ndani ya saa moja. Nguvu inayomezwa na miamba njiani haitangazwi, na ndiyo inayoamua nani atikiswe na nani alale usingizi.*

Usiku wa Jumatano, Agosti 12, 2020, saa mbili na dakika chache, nilikuwa nyumbani Tabata nakunja nguo zilizoanuliwa jioni. Nilihisi kama lori zito limepita barabarani, nikaendelea na nguo zangu. Dakika mbili baadaye simu ikaita. Dada yangu, anayekaa ghorofa ya tisa Kariakoo, alikuwa akihema kama mtu aliyekimbizwa.

"Mdogo wangu, huko kwenu mmetoka nje?"

"Tutoke kwa nini, dada?"

"Jengo linacheza! Taa inakwenda huku na huku, maji ya ndoo yamemwagika. Nimeshuka ngazi zote na ndala mguu mmoja."

Tetemeko lenye ukubwa wa takriban 6 lilikuwa limepiga baharini, kusini mashariki mwa Dar es Salaam, umbali usiofika kilomita 100. Lilikuwa tetemeko moja na jiji moja. Kwangu lilikuwa lori linalopita. Kwa dada lilikuwa jengo zima linaloyumba kama mnazi wakati wa kusi.

Nusu ya jibu iko kwenye majengo. Ghorofa refu huyumba taratibu na nyumba fupi hutikisika harakaharaka. Wahandisi wana kanuni yao ya haraka: kila ghorofa moja huongeza kama sehemu ya kumi ya sekunde kwenye muda wa jengo kwenda na kurudi. Jengo la ghorofa kumi, basi, huchukua kama sekunde moja kwa kila myumbo.

Nusu ya pili iko ardhini, kwenye kilomita zote zilizo kati ya kitovu cha tetemeko na mlango wa dada. Ni habari ya jinsi mawimbi ya tetemeko yanavyofifia yakipita ndani ya miamba, na jinsi wataalamu wanavyopima kufifia huko. Tangu usiku ule nimeifuatilia habari hii, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba inatuhusu kuliko tunavyodhani.

Chungu chenye ufa

Mama anayenunua chungu sokoni hakiamini kwa macho. Hukiinua kwa mkono mmoja, akakigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Chungu kizima hulia, na sauti yake hudumu kidogo hewani kabla ya kunyamaza. Chenye ufa hutoa kishindo kifupi kilichokufa, hata kama ufa wenyewe hauonekani. Mama hukirudisha mkekani bila maneno.

Anachopima mama huyo ndicho wanachopima wanasayansi wa matetemeko, ila wao chungu chao ni dunia. Mtetemo unapopita kwenye kitu kizima, nishati yake hupotea polepole. Kitu kikiwa na nyufa, kingo za ufa husuguana na nishati hugeuka joto. Maji yakiwamo ndani ya nyufa, wimbi huyakamua kutoka ufa mmoja kwenda mwingine, na kazi hiyo ya kukamua nayo hula nishati. Mwamba ukiwa na joto kali, ukakaribia kuyeyuka, wimbi hupita humo kama mtu anayetembea kwenye tope.

Ushahidi wa kushangaza kuliko wote ulitoka mwezini. Novemba 20, 1969, wanaanga wa Apollo 12 walipokwisha kurudi kwenye chombo chao kikuu, kile chombo kidogo kilichowapandisha kutoka mwezini kiliachwa kianguke makusudi. Kipima mitetemo walichokiacha pale kiliendelea kuandika mtikisiko kwa karibu saa nzima. Duniani kishindo cha namna hiyo kingenyamaza upesi. Mwezi una nyufa tele, lakini nyufa zake ni kavu kabisa. Hakuna maji ya kukamuliwa, kwa hiyo wimbi hurandaranda humo bila mtu wa kulinyamazisha.

Mdundo ndio unaobaki

Kila mkazi wa Uswahilini anajua jambo la pili, hata kama hajawahi kulipa jina. Kukiwa na shughuli mtaa wa tatu, usiku wa manane husikii maneno ya mwimbaji wala kinanda. Unasikia *du, du, du*. Sauti nyembamba zimemezwa na kuta na umbali, na mdundo mzito umefika mpaka kitandani kwako.

Mawimbi ya tetemeko nayo ni hivyo hivyo. Wimbi hupoteza sehemu ya nishati yake kila linapopanda na kushuka mara moja. Linalotikisika mara kumi kwa sekunde hulipa ushuru huo mara kumi, wakati linalotikisika mara moja kwa sekunde limelipa mara moja tu. Ndiyo maana ya haraka hufa mapema na ya polepole husafiri mbali.

Nyumba fupi kama yangu husumbuliwa na mawimbi ya haraka, na mengi yake yalikuwa yamepungukiwa nguvu kabla ya kufika Tabata. Ghorofa la dada husumbuliwa na yale ya polepole. Hayo yalifika.

> Wimbi la haraka hulipa ushuru mara kumi. La polepole hulipa mara moja.

Herufi moja

Wanasayansi wameuweka ushuru huo ndani ya herufi moja: Q. Q ikiwa kubwa, mwamba ni mzima na unalia kama chungu kizuri. Q ikiwa ndogo, mwamba unameza. Q ikiwa 100, wimbi hupoteza karibu asilimia 6 ya nishati yake kwa kila mtikisiko mmoja. Q ikiwa 1,000, hupoteza chini ya asilimia 1.

Tofauti hiyo huonekana ndogo mpaka uifanyie hesabu ya safari. Chukua wimbi linalokwenda kilomita 3.5 kwa sekunde na lisafirishe kilomita 100, safari ya kama sekunde 29. Likiwa la mitikisiko 10 kwa sekunde na likapita kwenye mwamba wenye Q ya 1,000, litafika na karibu asilimia 41 ya kimo chake. Lipitishe lilelile kwenye mwamba wenye Q ya 200, na litakalofika ni kama asilimia 1. Yaani limekwisha.

Wimbi la mtikisiko mmoja kwa sekunde, kwenye mwamba huohuo wa Q ya 200, litafika na asilimia 64. Hapo sijahesabu kupungua kunakotokana na wimbi kutanuka kadiri linavyokwenda mbali, kama viduara vya maji bwawani. Hiyo ni hesabu yake peke yake.

Kupima Q ni kazi ya subira. Njia moja ni kusimika vipima mitetemo viwili kwenye mstari mmoja na kitovu cha tetemeko, kimoja karibu na kingine mbali, kisha kulinganisha kilichoandikwa na kila kimoja. Mitikisiko ya haraka iliyoonekana kwenye cha kwanza na kukosekana kwenye cha pili ndiyo iliyoliwa njiani.

Njia nyingine ilitokana na jicho kali la Keiiti Aki, mwanasayansi mzaliwa wa Japani. Ukitazama mchoro wa tetemeko dogo utaona kwanza mikwaruzo midogo ya mawimbi ya awali, kisha mruko mkubwa wa mawimbi ya pili, kisha mkia mrefu unaopungua taratibu kama mwangwi pangoni. Kwa miaka mingi mkia huo ulionekana kuwa takataka tu. Mwaka 1969 Aki alionyesha kwamba mkia ni mawimbi yaliyogonga nyufa na vipande vya miamba na kurudishwa kutoka kila upande. Mwaka 1975, pamoja na Bernard Chouet, akaonyesha jinsi ya kuusoma: kasi ambayo mkia unafifia hutoa Q ya eneo zima, na kituo kimoja tu kinaweza kutosha kufanya kipimo.

Hapo ndipo mabishano ya wataalamu wenyewe kwa wenyewe yalipoanza, na hayajaisha. Je, nishati iliyokosekana imegeuka joto, au imetawanywa tu huku na huko na bado inazunguka ardhini? Mtu aliyepoteza shilingi elfu na mtu aliyewagawia watoto shilingi elfu wote mifuko yao ni mitupu, lakini habari zao si moja. Kwa anayetafuta mvuke au miamba iliyoyeyuka chini ya Bonde la Ufa, tofauti hiyo ni kila kitu: joto huonyesha moto, na mtawanyiko huonyesha nyufa. Wataalamu wa jotoardhi nchini Kenya, wakiwamo wa Olkaria, wamekuwa wakitazama mawimbi ya pili yanavyofifia ili kujua chanzo cha joto kimejificha wapi.

Kipimo kilichozaliwa California

Hata namba tunayotangaziwa redioni ina Q ndani yake. Charles Richter alipotunga kipimo chake mwaka 1935 alihitaji mahali pa kuanzia. Akaamua kwamba tetemeko la ukubwa wa 3 ni lile linaloandika alama ya milimita moja kwenye kipima mitetemo cha Wood-Anderson kilicho umbali wa kilomita 100. Kwa umbali mwingine alitengeneza jedwali la marekebisho, na jedwali hilo lilitokana na matetemeko ya kusini mwa California.

Kwa maneno mengine, ndani ya kipimo cha Richter mlikuwa na miamba ya California, iliyovunjikavunjika na yenye joto. Ukilibeba jedwali hilo ukalipeleka Singida, umebeba pia tabia za miamba ambayo Singida haina.

Mwaka 1994 na 1995 watafiti wa Marekani na wenzao wa Tanzania walitawanya vituo vya muda vya kupima mitetemo, kama 20 hivi, kukatiza nchi kutoka mashariki hadi magharibi na kutoka kaskazini hadi kusini. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1998 Charles Langston na wenzake walichapisha kipimo cha ukubwa kilichotengenezwa kwa ajili ya Tanzania. Walichokuta ni kwamba mawimbi hapa hufifia polepole kuliko kusini mwa California.

Maana yake ni mbili, na zote nzito. Ukitumia jedwali la California kwa tetemeko lililorekodiwa mbali, utalitangaza kuwa kubwa kuliko lilivyo. Na ukitumia fomula ya California kukadiria mji ulio mbali utatikisika kiasi gani, utaupa usalama ambao haunao.

Matale ya kati, moto wa pembeni

Sababu iko wazi kwa yeyote aliyewahi kusimama Mwanza akatazama mawe yaliyopandana ufukweni. Yale ni matale, mawe ya graniti, sehemu ya mwamba mkongwe unaoshika katikati ya Tanzania kutoka Ziwa Victoria kushuka mpaka Dodoma na zaidi. Umri wake ni zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mwamba huo ni baridi na mgumu, na mizizi yake inakwenda chini sana. Bonde la Ufa lilipofika hapo lilishindwa kuupasua, likagawanyika: tawi moja likapita mashariki, jingine magharibi.

Kwenye matawi hayo mambo ni kinyume. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kwa kutumia data za vituo vilevile ulionyesha kwamba mawimbi yanayotoka chini sana hupoteza nguvu zaidi yakipita chini ya bonde kuliko chini ya mwamba mkongwe. Huko chini kuna joto.

Ndiyo maana Desemba 5, 2005, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipopiga Ziwa Tanganyika, upande wa Kalemie ya Congo, wafanyakazi wa maofisini Nairobi walitoka nje, umbali wa takriban kilomita 950. Mwamba wa kati uliyabeba mawimbi kama reli.

Marekani yenyewe imepata somo hilo. Agosti 23, 2011, tetemeko la ukubwa wa 5.8 lilipiga jimbo la Virginia, upande wa mashariki ambako miamba ni ya kale. California tetemeko la ukubwa huo huwasumbua watu wa wilaya chache. Hili lilisikika mpaka Kanada, likautia nyufa Mnara wa Washington ulio zaidi ya kilomita 100 kutoka kitovuni, na mnara huo haukufunguliwa tena mpaka Mei 2014.

> Mwamba wa kati uliyabeba mawimbi kutoka Kalemie hadi Nairobi kama reli.

Fomula za kuazima

Tufike penye ubishi. Mhandisi anayechora daraja, bwawa au ghorofa haulizi tetemeko litakuwa la ukubwa gani tu. Anauliza: likipiga pale, hapa patatikisika kiasi gani? Jibu hutoka kwenye fomula inayofuata jinsi mtikisiko unavyopungua kwa umbali, na moyo wa fomula hiyo ni kufifia kwa mawimbi.

Upande mmoja unasema tuazime. Fomula za California, Japani na Ulaya zimejengwa juu ya maelfu ya rekodi, na sisi rekodi za matetemeko makubwa yaliyopimwa karibu tunazo chache mno. Kungoja tuwe nazo ni kuacha watu wajenge gizani kwa miongo. Makadirio ya hatari ya matetemeko kwa Afrika kusini mwa Sahara yaliyochapishwa mwaka 2017 yalifanya hivyo: yalichanganya fomula za maeneo yenye nyufa hai na fomula za mabara ya kale, kila moja ikapewa uzito wake. Hiyo ni kazi ya heshima, na walioifanya walitumia kilichokuwepo.

Upande wa pili unasema uzito huo ni makisio, na makisio ya aina hii hulipiwa kwa zege. Ukikadiria mtikisiko kuwa mkubwa kuliko ulivyo, nchi maskini inazika chuma ambacho kingejenga zahanati. Ukikadiria kidogo, unazika watu.

Mimi niko upande wa pili, na sababu yangu ni Kagera. Septemba 10, 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga karibu na mpaka wa Uganda. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia walijeruhiwa, maelfu ya nyumba zilibomoka au kupasuka, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikafungwa. Mtikisiko ulisikika Kampala, Kigali na Kisumu. Ukubwa wa 5.9 duniani si jambo la ajabu. Lililohitaji kujulikana mapema ni jinsi miamba na udongo wa pale unavyoubeba mtikisiko wa namna hiyo mpaka kwenye ukuta wa tofali lisilo na nondo.

Leo bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima kwenda Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, linapita ndani ya mkoa huohuo wa Kagera. Huku pwani maghorofa yanaota kila mwaka juu ya mchanga na mashapo, na mashapo yana tabia mbili. Huyala mawimbi ya haraka, na wakati huohuo huyakuza ya polepole. Mexico City ililijua hilo Septemba 19, 1985, pale tetemeko la ukubwa wa 8 lililotokea zaidi ya kilomita 350 kutoka jijini lilipoangusha majengo yaliyosimama juu ya tope la ziwa la kale. Mawimbi ya haraka yalikuwa yamefia njiani. Yale ya kama sekunde mbili kwa kila myumbo yalifika, tope likayakuza, na majengo ya ghorofa za katikati, kama sita hadi kumi na tano, yakaitikia kwa mdundo huohuo. Maelfu ya watu walikufa.

Simaanishi kwamba Kariakoo ni Mexico City. Bahari yetu haina matetemeko ya ukubwa ule. Ninachosema ni kwamba tabia ya mashapo ya Dar es Salaam inapimika, na kipimo chake si cha kuagizwa nje kama mtumba.

Vituo

Kipimo huanza na kituo. Kilimambogo, nje kidogo ya Thika, Kenya, pana kituo kinachohesabiwa miongoni mwa vituo vya msingi vya dunia vya kunasa majaribio ya silaha za nyuklia, na data zake huwafaa pia watu wa matetemeko. Mbarara, Uganda, kuna kingine cha mtandao wa dunia. Tanzania inavyo vituo chini ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma. Kituo kimoja kinaweza kutoa Q ya eneo kwa jumla, lakini kuijua kipande kwa kipande kunahitaji wingi: mawimbi yapite katika njia nyingi zinazokatizana, ili ijulikane ni kipande kipi cha ardhi kilichokula na kipi kilichopitisha.

Vituo vya 1994 na 1995 viling'olewa mradi ulipokwisha. Ndivyo miradi ilivyo: huja na masanduku yake, huchimba mashimo, hurekodi mwaka au miwili, huondoka. Data zake hubaki na zina manufaa mpaka leo, kwa sababu ziliwekwa wazi kwa kila anayetaka kuzisoma. Kinachokosekana ni kituo kinachokaa miaka 30 mahali pamoja, chenye betri inayobadilishwa kwa wakati, mlinzi anayelipwa mshahara, na fundi anayefika kabla vumbi halijakinyamazisha. Fedha yake ni ndogo ukilinganisha na gharama ya daraja moja. Ugumu wake ni kwamba haina siku ya kukata utepe.

Na matetemeko ya kupimia hayapungui. Bonde la Ufa hutoa madogo kila wiki, mengine hayasikiki na binadamu yeyote, na kila moja ni sawa na kidole kimegonga chungu bila gharama. Kisipokuwepo kipima mitetemo karibu, mlio wake unapotea.

Dada bado anakaa ghorofa ya tisa. Mwezi uliopita nilimtembelea, tukakaa barazani juu ya kelele za Mtaa wa Msimbazi, akaniuliza tena kama jengo lake linaweza kustahimili kubwa zaidi ya lile.

Nilimweleza kuhusu chungu, mdundo na Q. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanywa chai yake.

"Sasa hiyo Q ya kutoka baharini mpaka hapa ni ngapi?"

Nilimwambia namba ninazoweza kumpa ni za California, za Japani, na za katikati ya Tanzania. Alitikisa kichwa, akaenda kuosha vikombe. Pembeni ya mlango, zikiwa zimeelekezwa nje, ziko ndala zake zote mbili.